Dokta wa kwanza kasema mama apasuliwe mgongo, wa pili kasema asiguswe. Hivi ndivyo tulivyotoka kwenye mkanganyiko

mtoto_wa_tandika (mleta uzi)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu mnivumilie, nimeona niuandike maana humu kila baada ya muda anakuja mtu analalamika dokta wa hospitali hii kaniambia hivi wa hospitali ile kaniambia vile nimsikilize nani, halafu majibu anayopata ni yale yale, ama "hao wanatafuta hela" ama "mfuate bingwa mwenye jina". Sikubaliani na yote mawili. Madaktari wawili wakipishana mara nyingi kuna sababu, na sababu yenyewe inaulizika, shida ni kwamba sisi tukiingia mle ndani tunauliza "tufanye nini" basi, "kwa nini" hatuiulizi.

Kisa ni cha mama'ngu mzazi. Ana miaka sitini na kitu, presha anayo siku nyingi na dawa zake anameza vizuri tu. Kiuno kilianza kumuuma, baadae maumivu yakashuka kalio la kushoto yakapita nyuma ya paja yakaenda mpaka dole gumba la mguu, juu ya unyayo ganzi, usiku halali. Tukampeleka hospitali moja ya binafsi hapa Dar wakampiga MRI (ile picha ya mashine inayoonesha ndani ya mwili), majibu yakaja kwamba diski, yani ule mto laini ulio kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno, imetokeza na inabana mshipa wa fahamu. Daktari wa upasuaji akaangalia picha kwenye kompyuta akasema huyu apasuliwe mapema, mkichelewa mguu utapooza. Hilo neno kupooza lilimmaliza mama kabisa, hata chakula kikawa hakipiti.

Kaka yetu mkubwa yuko Mwanza na ndo angebeba sehemu kubwa ya gharama, akasema kabla hajaguswa mtu twende na kwingine. Tukapata rufaa kwenda kwa bingwa wa mifupa hospitali ya serikali. Huyu CD ya MRI aliiweka pembeni kwanza. Akamwambia mama, "Mama, hebu tembea kwa visigino mpaka mlangoni, urudi." Mama akatembea. Akamwambia atembee kwa vidole. Kisha akamlaza, akaweka kidole chake juu ya dole gumba la mama akamwambia "sukuma juu, usinionee huruma", akalinganisha na mguu wa pili. Akaunyanyua mguu wa kushoto ukiwa umenyooka, haujafika hata nusu mama akashika mkono wake. Ndo akaiwasha CD. Akasema diski ni kweli imetoka ila nguvu za mguu ziko sawa, hapa hatukimbilii kisu, dawa na mazoezi mrudi baada ya wiki sita.

Wa tatu ni daktari wa kliniki yake ya presha, yeye wala hakuulizwa habari za mgongo. Alipoona presha imepanda akauliza anameza nini kingine, alipotajiwa akafoka kwamba hizo dawa za maumivu aache leo hii mtamharibu figo.

Sasa hebu fikirieni mko nyumbani mna hayo maneno matatu. Group la familia likagawanyika, wa kupasua huku wa kutopasua kule, shangazi na yeye ana mtu wake wa kuchua yuko Mkuranga. Naendelea chini.

mtoto_wa_tandika (mleta uzi)

Kitu cha kwanza tulichofanya ambacho nawasihi kila mtu akifanye: tulimwaga dawa zote za mama mezani, za hospitali zote, na zile alizonunua mwenyewe duka la dawa. Dada yangu akawa anasoma yale maandishi madogo yaliyo chini ya jina kubwa la boksi, kwa sababu jina kubwa ni la kampuni, lile dogo ndo dawa yenyewe. Boksi mbili zenye rangi tofauti na majina tofauti kabisa, chini zote zimeandikwa diclofenac. Na ya tatu ilikuwa ni ndugu yake wa kundi lile lile. Yani mama alikuwa anameza dozi mara mbili na zaidi ya dawa inayopandisha presha, inayochubua tumbo na kuelemea figo, na hakuna daktari aliyekosea kwa upande wake maana kila mmoja aliandika bila kuiona karatasi ya mwenzake! Yule wa presha alikuwa sahihi kabisa.

Kwa hiyo kabla hujasema madaktari wamepingana hakikisha wote wameona vitu vile vile. Sisi tulinunua faili moja la plastiki, ndani tukaweka ripoti, CD, kadi ya kliniki, na karatasi moja ya mkono yenye dawa zote kwa majina yale madogo na dozi zake. Faili hilo likawa linatangulia kabla ya maelezo.

Kitu cha pili, tukarudi kwa wote wawili na swali moja: "Dokta, ni kitu gani kikitokea utabadilisha mawazo yako?" Wa upasuaji akampima upya, mara hii alimpima nguvu za mguu, akasema kama nguvu ziko hivi na mama anaweza kuvumilia maumivu basi kusubiri si dhambi, mimi nilichokuwa nahofia ni udhaifu wa mguu, ukianza tu mleteni. Wa mifupa tukamuuliza lile lile akasema mguu ukipungua nguvu au wiki sita zikipita maumivu hayajashuka, mimi mwenyewe namwandikia rufaa ya upasuaji. Sasa wakuu hawa watu wanapishana nini hapo? Karibu hakuna. Walichotofautiana ni wapi pa kuanzia, na kila mmoja alitupa nusu ya maelezo kwa sababu dakika za kuongea ni chache na sisi hatukuuliza.

Huyu wa mifupa ndo alinitajia utafiti wa Uholanzi uliotoka mwaka 2007, nikautafuta. Walichukua wagonjwa 283 wenye maumivu makali ya aina hii yaliyokaa wiki 6 hadi 12, nusu wakapangiwa kupasuliwa mapema nusu wakaendelea na matibabu ya kawaida na wakishindwa ndo wapasuliwe. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi. Ila mwaka ulipoisha makundi yote mawili, watu 95 kati ya 100 walikuwa wamepona. Na wale wa kusubiri, 39 kati ya 100 waliishia kupasuliwa ndani ya mwaka huo huo. Ukisoma hapo unaona kabisa utafiti mmoja unaweza kuwapa haki madaktari wote wawili, anayetaka maumivu yaishe haraka ana hoja na anayetaka kukuepusha na kisu ana hoja. Kinachobaki ni mgonjwa mwenyewe anataka nini, na mama hajawahi kuulizwa mpaka siku hiyo.

mkwezi77

Mkuu umeeleza vizuri ila unawapa madaktari sifa nyingi mno. Mimi kwangu hospitali ilipoona bima nzuri ghafla kila kitu ni operesheni, nilipokwenda na kadi nyingine ikawa vidonge. Hela ipo hapo tusijidanganye.

mtoto_wa_tandika (mleta uzi)

Sijasema hela haipo mkuu, ipo. Ila ukishaanza na "wanataka hela" unakuwa umefunga masikio, hata yule anayekuambia ukweli humsikii tena. Na kumbuka upande wa pili, hospitali yenye foleni ndefu ya chumba cha upasuaji nayo ina sababu ya kukuambia usubiri. Ndo maana nikasema ulizeni sababu ya kitabibu, anayesukumwa na hela tu atashindwa kukuambia ni dalili gani hasa kwenye mwili wako inayomfanya aseme hivyo. Atarudia rudia tu kwamba ni hatari.

fizio_moro

Mleta uzi ubarikiwe, mimi ni fizio, mtu wa mazoezi ya viungo, kazi yangu ndo hiyo kila siku. Naongeza hapo kwenye MRI maana ndo chanzo kikubwa cha mkanganyiko. Picha haioneshi maumivu, inaonesha umbo. Kuna uchambuzi wa mwaka 2015 ulikusanya tafiti za watu WASIO na maumivu yoyote ya mgongo wakaangalia picha zao, wenye miaka 20 asilimia 30 walikuwa na diski iliyovimba kwa nje, wenye miaka 80 asilimia 84. Wazima kabisa hao. Kwa hiyo mtu wa makamo ukimpiga MRI utakuta kitu tu, swali ni kama hicho kitu kinafanana na anapoumia. Kwa mama yako kinafanana maana diski ya nne na tano kwa kawaida inabana mshipa unaokwenda kwenye dole gumba. Angekuwa anaumwa goti la kulia halafu picha inasema diski ya kushoto, hapo mngekuwa mnatibu picha.

Jingine ambalo wagonjwa wangu huwa hawaamini mpaka niwaapie ni kwamba diski iliyotoka mara nyingi mwili unaila wenyewe taratibu, na kipande kikubwa kilichochomoka ndo kina nafasi kubwa zaidi ya kuliwa kuliko uvimbe mdogo. Ripoti ikiandika maneno mazito msizimie.

Ila kuna dalili hazisubiri wiki sita wala rufaa: mkojo kugoma au kutoka bila taarifa, choo kutoka bila kujua, ganzi sehemu zile unazokalia ukiwa juu ya baiskeli, unyayo kuanza kuburuzika. Hapo ni hospitali kubwa siku hiyo hiyo hata kama ni usiku. Na homa za jioni, jasho, kukonda, vikiambatana na mgongo kuuma tufikirie TB ya uti wa mgongo, ipo sana huku kwetu na mtu anaweza kufanyishwa mazoezi miezi kumbe pingili inaliwa.

bint_likoni

Hamjambo huko Bongo, mimi niko Mombasa. Poleni na mama. Yangu ni ya presha. Babangu alikuwa yuasoma 136 kwa 84, daktari mmoja akamwanzishia tembe, mwengine akamwambia wewe huna presha punguza chumvi tembea. Mzee akakasirika akasema wote waongo akaacha kwenda. Nilipouliza vizuri nikafahamishwa kuwa Wamarekani mwaka 2017 waliushusha mstari wa presha ukawa 130 kwa 80, na Wazungu wa Ulaya mwaka uliofuata wakabaki na 140 kwa 90. Sasa daktari aliyesomea mwongozo huu na aliyesomea ule wakikaa na mgonjwa mmoja watatoa majibu mawili na yote vitabuni yamo. Nilipomweleza mzee hivyo hasira zikashuka, tukarudi kwa yule wa pili, kwa kuwa hana sukari wala ugonjwa wa moyo, na tukakubaliana apimwe nyumbani asubuhi na jioni kabla ya kuamua.

Na kwa wa Kenya wenzangu, ule mkataba wa haki za wagonjwa wa 2013 umetaja kabisa haki ya kutafuta maoni ya daktari mwengine. Si kuvunja adabu.

mtoto_wa_tandika (mleta uzi)

Dada wa Likoni asante sana, hii ya miongozo miwili watu wengi hatuijui. Naomba watu waisome mara mbili, maana hapo hakuna mwongo hata mmoja, mstari tu umechorwa sehemu tofauti na kila aliyeuchora ana sababu zake.

dereva_wa_tunduma

Mimi nilipasuliwa mapema na sijutii, naomba niseme hili ili uzi usije ukawatisha watu. Naendesha gari kubwa, kukaa siwezi, kukanyaga klachi siwezi, watoto wanataka ada, tajiri ananiangalia tu. Dokta wa kwangu alinieleza wazi kwamba ukivumilia huenda ukapona bila kisu ila sijui lini. Nikamwambia dokta mimi sina huo muda. Maumivu ya mguu yaliisha nilipoamka tu, ya kiuno yalibaki kidogo, kazini nikarudi baada ya kupumzika kama walivyoniagiza.

mtoto_wa_tandika (mleta uzi)

Ndo hicho hicho kaka, wewe ulichagua ukijua. Mama'ngu hana klachi ya kukanyaga, ana kuku zake na jumuiya yake ya Jumamosi, alipoulizwa akasema bora nivumilie kuliko kulazwa na presha yangu hii. Diski moja watu wawili majibu mawili na yote ni sahihi.

nesi_mstaafu

Wanangu, nimefanya kazi wodini miaka mingi, niseme la upande wetu. Mnapotoka hospitali moja kwenda nyingine mnaficha. Daktari anauliza umetibiwa wapi mgonjwa anasema "sijatibiwa popote", mnataka kumjaribu kama ataona ugonjwa ule ule. Mkifanya hivyo mmemnyima nusu ya habari halafu mnashangaa majibu yanapishana. Vipimo vingine vyenyewe ni dhaifu. Chukua ile Widal ya taifodi, inaweza kusoma kwamba unayo kwa sababu uliugua zamani au una kijidudu kingine, leo maabara hii inasema una taifodi kesho ile inasema huna, mgonjwa anabeba sindano za bure. Kipimo cha kuotesha damu, yani kuotesha kijidudu chenyewe maabara, ndo chenye kauli, kikipatikana. Kwa hiyo mkikuta madaktari wanapishana ulizeni pia, "hiki kipimo kinaaminika kiasi gani?"

kijana_wa_ilala

Mama nesi, shida ni kwamba ukimwambia dokta umetoka kwa mwenzake ananuna. Mimi niliwahi kuambiwa "basi rudi huko huko ulikotoka". Unasemaje bila kumuudhi mtu?

mtoto_wa_tandika (mleta uzi)

Swali zuri mno, hili lilitusumbua kweli. Namna ya kusema ina uzito. Dada yangu ndo alikuwa msemaji, hakuwa anasema "dokta yule amekataa, wewe unasemaje", hiyo inawapambanisha. Alikuwa anasema, "Dokta shikamoo, tumekuja na mama tuna faili lake lote. Tulishaonwa sehemu nyingine, tukashauriwa operesheni, familia bado hatujaelewa vizuri tungeomba utusaidie kuelewa." Neno kusaidia kuelewa linamweka daktari kwenye nafasi ya mwalimu na wengi wanapenda kufundisha. Halafu mtu mmoja tu aongee, si kila ndugu anarusha swali. Na mwingine aandike. Mama tulikuwa tunamwacha aeleze maumivu kwa mdomo wake mwenyewe, sisi tusimkatishe, maana kuna vitu alimwambia yule bingwa ambavyo sisi watoto tulikuwa hatuvijui, kwamba akiinama kufua ndo panalipuka na akilala chali amekunja magoti panatulia. Akiwepo mtu wa kununa hata ukisema kwa adabu, huyo muache, mwingine yupo.

shamba_darasa

Vipi huyo wa kuchua wa Mkuranga? Mbona hujamalizia. Wazee wetu walitibiwa hivyo na wakapona.

mtoto_wa_tandika (mleta uzi)

Shangazi ni mtu tunayemheshimu hatukutaka kumvunja moyo. Tulimuuliza fizio aliyekuwa anamwona mama, akasema kupakwa mafuta ya moto na kukandwa taratibu misuli hakuna neno, ila kusimama juu ya mgongo, kuvuta mguu kwa nguvu na kugeuza kiuno mpaka kilie, hapana kabisa akiwa na mshipa uliobanwa. Na mizizi ya kunywa akasema asinywe bila kumwambia daktari wa presha kwa sababu figo zilishachoshwa. Shangazi mwenyewe alikuwepo kliniki siku hiyo, tulimchukua makusudi asikie kwa masikio yake, akarudi anamkanda mama kwa mafuta ya nazi jioni na wote wakaridhika. Mkiwa na ndugu mwenye msimamo mkali msibishane naye kwenye group, nendeni naye kwa dokta.

mkwezi77

Na kama umeuliza yote hayo bado wanapishana? Unaenda wa tatu wa nne mpaka lini?

fizio_moro

Nijibu mimi kama mleta uzi ataniruhusu. Wa tatu usimwendee kama mpiga kura, eti wawili dhidi ya mmoja. Mwendee na swali lililobaki. Kama wanabishania nguvu za mguu, tafuta mtu wa mishipa ya fahamu apime nguvu za mguu. Kama wanabishania picha, omba radiolojia (idara ya picha) nyingine isome CD ile ile, si kupiga MRI mpya. Na hospitali kubwa za rufaa huwa na vikao vya madaktari ambapo kesi ngumu inajadiliwa na wengi kwa pamoja, mgonjwa ana haki ya kuomba kesi yake ipelekwe huko. Wakati unasubiri chagua mmoja awe ndo anayeshika usukani, usichanganye dawa za wawili.

mtoto_wa_tandika (mleta uzi)

Hapo umemaliza. Kwetu anayeshika ni yule wa mifupa, na dawa yoyote mpya lazima ionwe na wa presha kwanza. Mama zile diclofenac aliacha, akabaki na dawa nyepesi ya maumivu na mazoezi, presha imeshuka ikarudi kwenye hali yake. Mguu bado unauma akikaa sana kanisani ila usiku analala. Kila Jumapili tunampima nguvu, anatembea kwa visigino kutoka sebuleni mpaka jikoni, anasukuma dole gumba dhidi ya mkono wa mjukuu. Daktari wa upasuaji ana namba yetu na sisi tuna yake.

kijana_wa_ilala

Mkuu swali la mwisho, CD ya MRI mlipewaje? Sisi tuliambiwa inabaki hospitali.

mtoto_wa_tandika (mleta uzi)

Omba siku ile ile ya kipimo, pale pale radiolojia kabla hujaondoka, ukisubiri unaanza kuzungushwa. Waambie unataka CD pamoja na ripoti iliyochapwa yenye mhuri, ripoti peke yake haitoshi maana daktari mwingine anataka kuona picha kwa macho yake. Wengine wanachaji kidogo ya CD, lipa. Wakikataa kabisa omba kuonana na mkuu wa idara au dawati la huduma kwa wateja, ongea kwa upole ila usiondoke. Na ukifika nyumbani itoe kopi kwenye flash, CD za siku hizi zikikwaruzwa kidogo tu hazifunguki.